Kuanza kupiga picha: usifute picha mbaya kabla hujaisoma

Maswali ninayoulizwa na wanaoanza kupiga picha ni yale yale, yanabadilisha nguo tu. Mbona picha yangu ina ukungu? Mbona uso umekuwa mweusi na nyuma kunang'aa? Mbona za usiku zimejaa chenga, vile vidoadoa kama punje za mchanga? Ninunue kamera gani? Halafu lile linaloulizwa kwa unyonge: mbona kamera ni nzuri na picha ni mbaya? Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa, kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ningependa kufundishwa nilipoanza.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla hatujagusa kitufe chochote. Kila picha ya kidijitali inabeba kumbukumbu ya namna ilivyopigwa: kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga), ukubwa wa tundu la lenzi, ISO (kiwango cha kung'arisha picha), urefu wa lenzi (zile milimita, kama 50mm), hata saa na dakika. Wanaoanza wakiona picha imeharibika huifuta palepale, na ushahidi unakwenda nayo. Wewe usifute. Picha mbaya inasema yenyewe imeharibikia wapi, mradi ujue kuisoma.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kamera inayokuruhusu kubadilisha mipangilio kwa mkono, iwe DSLR (yenye kioo ndani) au mirrorless (isiyo na kioo hicho). Iliyotumika na mtu mwingine kwa miaka 10 inafaa kabisa. Kama una simu tu, anza na simu: hatua ya 2, 3, 7 na 8 ni zile zile, na simu nyingi zina modi ya Pro inayokupa shata na ISO. Tundu la lenzi ndilo huwezi kulibadilisha kwenye simu nyingi.
- Lenzi moja. Ile ya 18-55mm inayokuja na kamera inatosha. Siku ukiongeza ya pili, iwe 50mm f/1.8. Haina zumu, itakulazimisha kutembea, na inaingiza mwanga mwingi.
- Memori kadi mbili. Kadi mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu moja ikifa hujapoteza kila kitu.
- Betri iliyojaa na kitambaa laini cha kufutia lenzi. Pindo la shati lina vumbi, na vumbi hukwaruza kioo.
- Kikombe, chupa tatu na meza iliyo karibu na dirisha. Watu huchoka kupigwa picha, kikombe hakichoki.

Stendi na flashi ziache kwanza. Utajua mwenyewe siku utakayozihitaji.

Hatua ya 1: Iandae kamera na mikono yako

Pembeni mwa kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo ambacho watu wengi hawajawahi kukigusa. Kazi yake ni kurekebisha kitundu kiendane na macho yako. Chungulia, usihangaike na kilichoko mbele, tazama namba na alama zinazoonekana ndani, kisha zungusha mpaka zisomeke vizuri. Jamaa mmoja aliniletea kamera akiapa kwamba fokasi yake imekufa. Picha zake zilikuwa safi kabisa. Kigurudumu kilikuwa kimezunguka ndani ya begi, basi kila alichokiona kilikuwa na ukungu.

Weka tarehe na saa sahihi. Ingiza memori kadi na uifomati ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Angalizo: kufomati kunaondoa kila kitu, kwa hiyo hamisha picha za zamani kwanza.

Sasa kushika. Mkono wa kushoto ukae chini ya lenzi, kiganja kikiwa kimeibeba. Mkono wa kulia ushike mwili wa kamera. Viwiko vyote viwili vibane mbavuni. Ukichungulia kwa jicho, kamera inapata mhimili wa tatu, yaani paji la uso wako, ndiyo maana anayepiga huku ameinyoosha mbele kama simu hutikisa zaidi. Toa pumzi taratibu, kisha bonyeza.

Kitufe cha kupigia kina ngazi mbili. Bonyeza nusu: utahisi kidole kimefika mahali pakakaza kidogo, na kamera itashika fokasi na kupima mwanga. Kaa hapo nusu sekunde. Kisha maliza kubonyeza kwa kidole tu, bila kuisukuma kamera chini. Fanya hivyo mara 20 bila kujali unapiga nini. Anayebonyeza kwa pupa mpaka chini kwa mara moja hugombana na fokasi mwaka mzima.

Onyo moja la lazima: usichungulie jua moja kwa moja kupitia kitundu cha DSLR. Lenzi hukusanya mwanga wote huo na kuutupa ndani ya jicho lako.

Hatua ya 2: Tafuta mwanga kwanza, kitu baadaye

Hapa ndipo ningekaa nawe wiki nzima kama ningeweza. Acha kamera kwenye Auto kwa zoezi hili.

Zima taa zote chumbani. Weka kikombe mezani, hatua moja kutoka dirishani. Piga picha ya kwanza ukiwa umelipa dirisha mgongo: mwanga unakipiga kikombe usoni, kila kitu kinaonekana, lakini kikombe kimekaa bapa kama kimechorwa. Zunguka meza mpaka dirisha liwe ubavuni mwako. Piga ya pili. Sasa upande mmoja unang'aa, mwingine una kivuli, na katikati mwanga unafifia taratibu, na kikombe kimepata mviringo wake. Zunguka tena, dirisha liwe nyuma ya kikombe. Piga ya tatu. Kikombe kimekuwa kivuli cheusi chenye ukingo wa mwanga.

Kikombe ni kile kile, meza ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali ulipoweka miguu yako.

Sasa sogeza kikombe hadi upande wa pili wa chumba na upige ya nne. Macho yako yatakwambia chumba bado kina mwanga. Kamera itakwambia vingine: picha itakuwa na chenga au itatikisika, maana mwanga wa dirisha hupungua haraka sana kadiri unavyosogea mbali nalo. Macho hujirekebisha bila kukuarifu, na kwa hilo usiyaamini.

Ukimaliza kikombe, omba mtu akae mahali pake. Mgeuze uso nusu kuelekea dirishani. Tazama ndani ya mboni zake mpaka uone kimwanga kidogo cha dirisha. Kikiwepo, macho yatakuwa hai. Kisipokuwepo, mwinue kidevu kidogo au mgeuze zaidi.

Nje, hesabu ni ile ile. Jua la saa sita mchana hushuka wima na kuchimba mashimo meusi chini ya nyusi na pua. Mpeleke mtu kwenye kivuli, lakini si ndani kabisa: asimame ukingoni, akitazama nje palipo na mwanga. Saa moja baada ya jua kuchomoza na saa moja kabla halijazama, mwanga huja ubavuni na ni laini, na picha inakusamehe mengi.

Kosa la kawaida hapa ni kuwasha taa ya dari kuongezea mwanga wa dirisha. Taa nyingi za ndani zina rangi ya manjano, dirisha lina rangi ya bluu kidogo, na uso utatoka nusu hivi nusu vile. Chagua chanzo kimoja. Flashi ndogo iliyomo kwenye kamera nayo iache imelala, kwani inarusha mwanga wa usoni kama ile picha ya kwanza ya kikombe, tena mkali zaidi.

Hatua ya 3: Iambie kamera ishike fokasi wapi

Kwenye Auto, kamera hupenda kushika fokasi kwenye kitu kilicho karibu zaidi au chenye mistari ya kuonekana sana. Haijui kwamba ulitaka uso, si maua yaliyo mbele yake. Ingia kwenye menyu na uchague kisanduku kimoja cha fokasi. Kisogeze kwa vitufe vya mishale mpaka kikae juu ya jicho la mtu, lile lililo karibu nawe. Kama kamera yako inatambua macho yenyewe, iwashe huduma hiyo ukapumzike, ila hakikisha imeshika jicho unalolitaka.

Kwa kitu kilichotulia tumia AF-S, ambayo Canon huiita One Shot. Kwa kinachokwenda tumia AF-C, ambayo kwa Canon ni Servo. Ya kwanza hushika na kufunga, ya pili huendelea kufuata kadiri unavyoshikilia kitufe nusu. Kwenye simu, gusa uso kwenye skrini.

Hatua ya 4: Tundu la lenzi

Zungusha gurudumu la modi hadi A, au Av kwa Canon. Sasa wewe unachagua ukubwa wa tundu, yaani apacha, na kamera inachagua kasi ya shata.

Kinachowachanganya watu wote ni kwamba namba ndogo ndiyo tundu kubwa. f/2 ni tundu kubwa kuliko f/8, kama vile nusu ya mkate ni kubwa kuliko sehemu moja ya nane. Ukishaelewa kwamba ni sehemu ya kitu, hutachanganyikiwa tena. Tundu kubwa linaingiza mwanga mwingi na kuyeyusha kilichoko nyuma. Tundu dogo linaingiza mwanga kidogo na kufanya vya mbele na vya nyuma vionekane vyote.

Panga chupa tatu mezani, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikiwa urefu wa mkono kutoka kwa mwenzake. Weka fokasi kwenye ya kwanza. Piga kwa namba ndogo kabisa ambayo lenzi yako inakubali, kisha f/8, kisha f/16. Ziangalie kwa mfuatano, chupa ya tatu itakuwa inarudi kutoka kwenye ukungu picha hadi picha.

Ukiwa na 18-55mm utalalamika kwamba nyuma hapayeyuki. Vuta hadi 55mm, msogelee mtu, na mtu mwenyewe asogee mbali na ukuta. Umbali kati yake na kilicho nyuma unafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Anayeegemea ukuta ni vigumu kumtenganisha nao, lenzi iwe yoyote.

Wenye 50mm f/1.8 nao wana ugonjwa wao. Wakishaiona hiyo f/1.8 hawatoki tena hapo. Ukimpiga mtu kwa f/1.8 akiwa mita 1 mbele yako, kwa kamera nyingi za wanaoanza, eneo lililo kali, yaani linaloonekana bila ukungu, ni kama sentimita 3 tu. Kope zitakuwa kali, masikio yameshayeyuka, na akipumua kidogo kuelekea kwako hata jicho limekwenda. Kwa mtu mmoja f/2.8 inatosha. Kwa kundi lililosimama mistari miwili, nenda f/5.6 hadi f/8, la sivyo mstari wa nyuma utakuja kudai picha zake. Upande wa pili nako usizidishe: f/22 huanza kulainisha picha nzima.

Hatua ya 5: Shata, mahali ambapo picha nyingi hufia

Zungusha gurudumu hadi S, au Tv kwa Canon. Sasa unachagua muda ambao shata inabaki wazi. 1/250 ni sehemu moja ya 250 ya sekunde, na 1/30 ni muda mrefu zaidi ya mara nane. Chochote kitakachosogea wakati shata iko wazi, iwe mkono wako au mtoto anayeruka, kitaacha mchirizi.

Anzia hapa:

- Mtu aliyekaa ametulia: 1/125
- Mtu anayetembea au anayezungumza kwa mikono: 1/250
- Watoto wanaocheza: 1/500
- Mpira, mbio, ndege anayeruka: 1/1000 au zaidi

Kwa mikono yako mwenyewe kuna kanuni ya zamani: kasi isishuke chini ya 1 kugawanya kwa urefu wa lenzi. Ukiwa 50mm, usishuke chini ya 1/50. Ukiwa 200mm, 1/200. Kwa kamera zenye sensa (sehemu inayopokea mwanga) ndogo ya aina ya APS-C, zidisha urefu huo kwa 1.5 kwanza, kwa hiyo 50mm inataka kama 1/80. Lenzi au kamera yenye kituliza mtikisiko itakuruhusu kushuka zaidi, lakini inatuliza mkono wako tu. Mtoto anayekimbia haimhusu.

Hapa nataka utulie kidogo, kwa sababu neno "ukungu" linaficha magonjwa matatu tofauti na kila moja lina dawa yake. Fungua picha iliyoharibika, ikuze hadi asilimia 100, na utafute kitu kimoja kilicho kikali.

Ukikosa hata kimoja, na kila nukta ya mwanga imekuwa mchirizi unaoelekea upande mmoja, ulitikisa kamera. Ongeza kasi ya shata au egemea ukuta.

Ukikuta ukuta na viti ni vikali, mtu peke yake ndiye aliyechoreka, mtu alisogea. Stendi haitakusaidia chochote hapo. Ni kasi tu.

Ukikuta sikio au kola ya shati ndiyo kali na macho hayapo, fokasi ilikosea mahali. Shata haina kosa. Rudi hatua ya 3, au punguza ukubwa wa tundu.

Nimeona watu wakinunua lenzi mpya kwa ugonjwa wa pili.

Hatua ya 6: ISO

ISO inaifanya picha ing'ae zaidi bila kuongeza mwanga wenyewe, na malipo yake ni chenga. Nje kwenye jua anza na 100. Kivulini au karibu na dirisha, 400. Ndani jioni, 1600 hadi 3200 bila aibu. Kila ukiizidisha mara mbili, unaweza kuifanya shata iwe ya haraka mara mbili.

Watu wanaogopa chenga kuliko wanavyopaswa. Picha yenye chenga lakini kali inachapishika na inapendeza. Picha safi iliyotikisika ni ya kutupa. Ukilazimika kuchagua, chagua chenga.

Ukimaliza kazi ya usiku, rudisha ISO chini palepale. Mimi nilishapiga asubuhi nzima kwa ISO 6400 iliyobaki toka jana yake. Za kivulini zilijaa chenga, za juani ziliungua zote kwa mwanga, zikawa nyeupe tupu, maana shata ilikuwa imefika 1/4000, ikawa haina pa kwenda. Namba zilikuwa pale pale kwenye skrini saa tatu nzima na sikuzitazama. Siku hizi natumia ISO ya Auto yenye kikomo: menyu inaruhusu kuweka kiwango cha juu, kwa mfano 3200, na kasi ya chini kabisa ya shata.

Hatua ya 7: Kitufe cha + na −

Kamera ikipima mwanga hudhani kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Ukiielekeza kwenye ukuta mweupe, itaufifisha uwe kijivu. Ukiielekeza kwenye koti jeusi, italing'arisha liwe kijivu. Haina akili ya kujua ukweli, hivyo ni kazi yako kuiambia.

Ukiwa kwenye A au S, bonyeza kitufe chenye alama ya + na −, kisha zungusha gurudumu:

1. Vitu vyeupe vimejaa fremu: ongeza hadi +1.
2. Vitu vyeusi vimejaa fremu: punguza hadi −1.
3. Mtu amesimama mbele ya anga au dirisha na uso umezama: ongeza +1 hadi +2, ukubali nyuma paungue, au mgeuze mwelekee kwenye mwanga.

Ngozi nyeusi inastahili uangalifu wake. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera inaweza kuung'arisha kupita ukweli wake, ukapauka. Uso huo huo ukiwa mdogo mbele ya ukuta mweupe, unazama gizani. Ni mtu mmoja, dakika moja, na marekebisho yanayopingana. Pima kwa kutazama uso wenyewe, usitazame ukuta.

Tena, usiiamini skrini peke yake. Gizani inang'aa mno, juani haionekani. Washa histogramu, kile kilima kidogo kinachoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Kilima kikibanwa kwenye ukuta wa kulia, kuna sehemu zimeungua, na palipoungua hapana kitu cha kurudisha hata kwa programu. Palipo giza mara nyingi huokoka. Kwenye simu, gusa uso kisha buruta kidole juu au chini.

Hatua ya 8: Kupanga fremu

Washa mistari ya gridi, weka macho ya mtu karibu na mstari wa juu, basi. Kanuni ya theluthi, ile ya kugawa fremu mafungu matatu na kuweka kitu kwenye mistari, imehubiriwa kupita kiasi. Kinachoharibu picha za wanaoanza si theluthi, ni kutotazama pembe nne za fremu. Kabla ya kubonyeza, zungusha jicho ukingoni: kuna nguzo inayoota kichwani mwa mtu? Kuna nusu ya ndoo pembeni? Vidole vya miguu vimekatwa? Sogea hatua moja kushoto au kulia, vitu vingi vitaondoka vyenyewe. Kwa mtoto, piga magoti. Ukimkata mtu, usimkatie kwenye magoti au viwiko.

Na usitumie zumu ya kidijitali ya simu. Ni kukata picha tu, na ungeweza kuikata baadaye kwa utulivu.

Hatua ya 9: Rangi na faili

Kama kamera yako inatoa RAW (faili ghafi la kamera), chagua RAW pamoja na JPEG (faili la picha la kawaida). JPEG utaitumia leo, na RAW itakungojea ujifunze kuhariri. Rangi ziache kwenye Auto kwa sasa. Ukichagua alama ya balbu, iliyo ya taa za ndani, kisha ukatoka nayo nje, watu wote watakuwa wa bluu.

Hatua ya 10: Isome picha mbaya

Kwenye kamera, fungua picha na ubonyeze Info au Disp mpaka namba zitokee. Kwenye kompyuta, fungua sifa za faili. Kwenye simu, tafuta herufi "i" chini ya picha.

Tuseme umempiga mtoto akiruka jioni na ametoka mchirizi mtupu, ukuta nyuma yake ni mkali. Namba zinasema: 55mm, f/5.6, 1/30, ISO 400. Ukuta ni mkali, basi hukutikisa. Mtoto ndiye aliyesogea, na tunajua watoto wanataka 1/500. Je, tundu lingeweza kufunguliwa zaidi? Hapana, f/5.6 ndiyo mwisho wa lenzi ile kwa 55mm. Imebaki ISO. Kutoka 400 hadi 800, shata inakuwa 1/60. Hadi 1600, 1/125. Hadi 3200, 1/250. Hadi 6400, 1/500. Kwa hiyo picha uliyoitaka ilikuwepo, kwenye ISO 6400, na chenga zake. Kama hutaki chenga hizo, mtoto aruke saa moja mapema.

Fanya hesabu hiyo kwa picha 10 mbaya kabla ya kufuta hata moja. Badilisha kitu kimoja tu kila unaporudia, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia. Modi ya M, ya kuweka kila kitu kwa mkono, usiifuate mpaka hesabu hizi zikujie bila kalamu.

Mambo yakikwama

*Kamera inakataa kupiga.* Umekaribia mno kuliko lenzi inavyoruhusu (18-55mm nyingi zinataka robo mita hivi), au umeelekeza kwenye ukuta usio na alama yoyote. Rudi nyuma, au shika fokasi kwenye ukingo wa kitu. Angalia pia kama kile kifungio kidogo pembeni mwa memori kadi kimefungwa.

*Doa lile lile mahali pale pale kila picha.* Futa lenzi kwanza. Likibaki, ni vumbi kwenye sensa. Piga anga jeupe kwa f/16 uhakikishe. Tumia kipulizio cha mpira, kamera ikiwa imeinamishwa. Usipulize kwa mdomo, mate yatafuata, na usiguse sensa kwa kidole wala kitambaa.

*Mistari ya giza inayokatiza picha za ndani.* Taa zinawaka na kuzima haraka kuliko macho yanavyoona. Penye umeme wa 50Hz jaribu shata ya 1/50 au 1/100, penye 60Hz jaribu 1/60 au 1/125.

*Umetumia flashi na kipande cha picha ni cheusi.* Shata imeizidi flashi. Kamera nyingi zinaishia 1/200 au 1/250.

*Lenzi imejaa ukungu wa maji.* Imetoka kwenye baridi kuingia joto. Usifungue wala kubadilisha lenzi. Siku nyingine, iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la chumba.

*Umefuta picha kwa bahati mbaya.* Toa kadi sasa hivi, usipige nayo hata picha moja. Kilichofutwa mara nyingi bado kipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuokoa faili zinaweza kukirudisha.

*Umejaribu yote na picha bado ni mbaya.* Niulize. Ila uniletee picha yenyewe, si maelezo yake, ikiwa haijakatwa wala kuhaririwa, ikiwa na namba zake nne: urefu wa lenzi, tundu, shata na ISO. Uniambie pia mwanga ulikuwa upande gani.